Chawa wa Angani na Wajibu wa Dola

Kila inapotangazwa kwamba kijana fulani wa Kenya au Tanzania amejiundia ndege uani kwao, sisi tunaojiita wasomi hugawanyika. Wapo wanaomshangilia na kudai apewe ufadhili papo hapo. Wapo wanaomcheka na kuitaka serikali imnyang'anye chombo chake kabla hakijaua mtu. Nimewasikiliza wote, na naona kila upande umeacha swali la msingi: nani atakipima?

Mnamo Septemba 1933, Mfaransa Henri Mignet alirusha ndege ndogo ya mbao na kitambaa aliyoiunda mwenyewe. Aliiita Pou-du-Ciel, yaani Chawa wa Angani, jina lisilohusiana na machawa wa siasa zetu. Ilikuwa na mabawa mawili, moja mbele na jingine nyuma. Rubani aliiinua na kuishusha kwa kubadili mwinamo wa bawa la mbele. Mwaka 1934 Mignet alichapisha kitabu cha kumwelekeza mtu wa kawaida namna ya kuiunda, na watu wengi, Ufaransa na Uingereza, wakashika nyundo na gundi. Agosti 1935 mwenyewe akavuka nayo bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza.

Kisha marubani wakaanza kufa. Ndege ilipoinamisha pua kupita kiasi, haikuinuka tena. Mwaka 1936 Chawa hao wakazuiwa kuruka. Lakini serikali hazikuishia kwenye marufuku. Wataalamu wa nchi zote mbili waliipima ndege hiyo ndani ya handaki la upepo, wakabaini kwamba mabawa yale yalikaribiana mno, hata mkondo wa hewa kati yake ukamnyima rubani uwezo wa kuinyanyua pua. Kasoro ilipofahamika ikarekebishika, na miundo ya Mignet iliyofuata iliendelea kuruka.

Leo Marekani raia anaruhusiwa kurusha ndege aliyoiunda kwa vipande vilivyotoka kiwandani, mradi zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na waundaji wenyewe kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Ndege hukaguliwa, hubandikwa onyo kwamba ni ya majaribio, na kwa kawaida saa 25 au 40 za mwanzo huruka katika eneo maalumu bila abiria. Chini ya utaratibu huo, familia ya ndege za RV za Richard VanGrunsven, zilizoanza na RV-3 mwaka 1971, imefikisha zaidi ya ndege 10,000 zilizokamilika na kuruka.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwa maoni yangu, tunzo la kwanza ni ukweli. Mhandisi wa chuo kikuu aende uani kwa kijana yule, apime uzito na mizani ya chombo, aandike kasoro zake kwa Kiswahili, kisha amwachie nakala. Akikatazwa kuruka, ajue sababu, na ajue cha kurekebisha.