Do Iko Wapi?

Kila aliyeimba katika kwaya ya shule yetu aijua do-mi-so. Mwalimu huiimba, nasi papo hapo twajua nyumbani kwa wimbo ni wapi. Sikuwahi kuuliza sababu yake mpaka nilipoanza kujifunza, katika gitaa, ile iitwayo arpejio ya ogmenti.

Arpejio ni kupiga sauti zinazopatana moja baada ya nyingine badala ya kuzipiga pamoja. Ogmenti maana yake imeongezwa: so hupandishwa nusu-toni ikawa se, nasi twapata do-mi-se. Jambo dogo, utasema. Lakini zihesabu nafasi zilizo baina ya vile vyuma vya shingo ya gitaa. Toka do hadi mi ni 4, toka mi hadi se ni 4, na toka se hadi do ya juu ni 4 tena. Katika do-mi-so ni 4, kisha 3, kisha 5, na kwa kutolingana huko ndiko sikio hutambua nyumbani. Zikilingana, kila mlango wafanana na mwenziwe.

Vidole hufurahi. Bonyeza nafasi ya 4 katika uzi wa 6, ule mnene. Ya 3 katika uzi wa 5. Ya 2 katika uzi wa 4. Ya 1 katika nyuzi za 3 na 2. Uzi wa 1 uache wazi. Ukiupandisha mpango huo wote nafasi 4, wapata sauti zile zile. Basi ogmenti zote ni 4 tu, nazo hugawana sauti 12 za muziki pasibaki hata moja. Franz Liszt aliianza simfoni yake ya Faust, iliyopigwa Weimar mwaka 1857, kwa arpejio hizo zikifuatana. Mimi nazipiga kwa gumba na kidole cha shahada, kama alivyopiga Mwenda Jean Bosco wa Katanga katika Masanga, mwaka 1952. Ila polepole, maana gumba langu lapenda kukimbia.

Sasa shida. Wazee wa parokia walikubali gitaa liingie kanisani siku ya Pasaka, mara moja tu, walione. Baadhi yao wasema ni chombo cha vilabuni. Nalo ndilo lingeanzisha wimbo: kwaya ikipotea, gitaa lirudi bwenini.

Mimi nalitaka kuanza kwa ogmenti. Mwalimu hakukataa. Aliniambia niipige mbele ya kwaya, kisha akaamuru kila kundi liimbe do. Zikatoka do tatu! Besi walikuwa na yao, tenor na yao, na wadogo wa sauti ya kwanza na yao, kila mmoja akimcheka mwenzake. Nikawapima kwa nyuzi. Kila kundi lilipanda do-mi-se toka lilipoanzia, na hapana aliyekosa.

Dawa ilikuwa pale pale shingoni. Kidole cha uzi wa 2 kikae. Vile vya nyuzi za 4 na 3 vipande nafasi moja moja. Mi yawa fa, se yawa la, na ghafula nyumbani paonekana: ni kwenye fa. Tuliirudia jioni nyingi, hata wadogo wakaishika.

Siku ya Pasaka kwaya iliingia kwa sauti moja. Baada ya misa mzee mmoja, aliyekuwa amepinga kuliko wote, aliuliza kama gitaa litakuja tena Pentekoste. Nimekwisha anza mazoezi. Ile ogmenti ya nafasi ya 7 yanisumbua kidole kidogo.