Nilipanda "Volkano" ya Dom, Dogo Akaniumbua

Juzi msanii mmoja (jina kapuni) kaposti picha akiwa Lion Rock hapa Dodoma, eti yupo "juu ya volkano iliyokufa katikati ya jiji". Na mimi huyo! Nikadaka bodaboda sokoni Majengo, nikapanda, nikapiga selfi, nikaandika vilevile. Laiki zikamiminika.

Usiku mdogo wangu wa form two akaniuliza, "Bro, sasa kreta yake iko wapi?" Sikuwa na jibu, nikamfokea: "Unajifanya unajua sana?" Akanyamaza. Iliniuma, maana hata mimi shule nilizimwa hivyohivyo, nikaacha kuuliza.

Nikaingia mtandaoni. Kumbe yale mawe ni granaiti, kama Bismarck Rock ya Mwanza. Uji wa moto ulipoa hukohuko chini ya ardhi, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, halafu udongo wa juu ukaliwa na mvua na upepo. Volkano zilizokufa ni kama Mawenzi na Shira, kule Kilimanjaro.

Asubuhi nikamwomba dogo msamaha, posti nikairekebisha. Waliocheka wamecheka. Jumapili tunapanda wote.

Wewe staa alishakuingiza chaka? Dondosha komenti.