Injini za Mvuke Zingali Zikivuta

Wako watu wengi wadhanio ya kuwa injini za mvuke zimekwisha kazi duniani, na kwamba zilizobaki ni za kutazamwa tu, kama mizinga ya kale katika ngome. Sivyo. Katika Marekani iko injini namba 4014 ya kampuni ya Union Pacific, mojawapo ya 25 zilizoundwa kati ya mwaka 1941 na 1944 ili kupandisha mizigo mizito milimani. Uzito wake, pamoja na behewa lake la maji na mafuta, ni yapata tani 540, na urefu wake mita 40. Ilipumzishwa mwaka 1961, ikasimama miaka mingi katika mji wa Pomona. Kisha wenyewe wakaichukua tena, wakaifungua kipande kwa kipande, na mwaka 2019 ikatoka Cheyenne ikienda kwa nguvu zake yenyewe. Huko Ujerumani nako, injini za mvuke hupandisha abiria kutoka Wernigerode hata juu ya mlima Brocken, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari.

Lakini tutakalo kuwasimulia leo ni safari yetu katika nchi ya Wales, maana injini za huko zina undugu na zile zilizovuta magari katika nchi zetu.

Tulipanda gari katika mji wa Caernarfon, chini ya kuta za ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1283. Njia ile ni nyembamba sana: kutoka reli hata reli haifiki sentimita 60, na mtoto aweza kuivuka kwa hatua moja. Kwa hiyo tulistaajabu tulipoiona injini, maana ilikuwa kubwa, ndefu, na nyeusi moshi. Ni ya namna iitwayo Garratt, na namna hiyo ya njia ile ilifanya kazi Natal, Afrika ya Kusini, kabla ya kuletwa Wales. Katika njia zote za upana huo, hakuna injini za mvuke zizidizo hizo kwa nguvu.

Siri ya Garratt ni hii. Birika kuu la kuchemshia maji halikukaa juu ya magurudumu, bali limening'inizwa katikati, nalo hubebwa na mitambo miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kama machela ibebwavyo na watu wawili. Kila mtambo una magurudumu yake, nao hugeuka peke yake penye kona. Hivyo uzito huenea juu ya magurudumu mengi, reli nyepesi haiumii, na tanuru laweza kuwa pana kwa kuwa hapana magurudumu chini yake. Mwingereza Herbert William Garratt ndiye aliyebuni jambo hilo, na za kwanza ziliundwa mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania.

Basi gari likapanda. Mahali pengine njia huinuka hatua moja kwa kila hatua 40, na mngurumo wa injini ukabadilika, ukawa mzito na wa polepole, kama pumzi za mtu mwenye mzigo kichwani. Tukapita Rhyd Ddu, chini ya mlima Yr Wyddfa wenye mita 1,085, ulio mrefu kuliko yote ya Wales. Kisha tukateremka kwa kona kali hata Beddgelert, tukiiona injini yetu dirishani ikijipinda mbele yetu. Tukaingia katika matundu yaliyotobolewa mwambani penye bonde la Aberglaslyn, moshi ukatufikia, na hatimaye tukavuka barabara ya mji na kusimama Porthmadog, penye bahari. Safari ni ya kilomita 40.

Njia hii ilikuwa imekufa. Abiria wa mwisho walipanda mwaka 1936, na mwaka 1941 reli ziking'olewa. Ikafufuliwa kidogo kidogo tangu mwaka 1997, kwa sehemu kubwa kwa mikono ya watu wajitoleao bila ujira, hata ikafika Porthmadog mwaka 2011. Haba na haba hujaza kibaba. Kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, kilichounda nyingi za Garratt, kilifungwa mwaka 1966. Kwa hiyo kifaa kikivunjika hakinunuliwi huko, hutengenezwa upya na mafundi, na kijana hujifunza kwa mzee.

Kiwanda hicho hicho ndicho kilichoiundia reli ya Afrika ya Mashariki, mwaka 1955 na 1956, Garratt 34 zenye uzito wa tani 252 kila moja, zilizopandisha mizigo kutoka Mombasa hata Nairobi. Kati ya injini zote za mvuke za reli ya upana wa mita moja, hizo ndizo zilizokuwa na nguvu kupita zote. Zilipewa majina ya milima. Mbili zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi: Gelai na Shengena, nayo ni milima ya Tanzania.

Injini zile zilipumzishwa kufikia mwaka 1980, na waliozichochea moto ni wazee sasa, nao wanapungua. Wales imetuonyesha kwamba chuma kilichopoa chaweza kuwashwa tena, iwapo yupo ajuaye kazi. Basi msomaji, ukiwa na babu au jirani aliyefanya kazi relini, keti naye, umwulize moto uliwashwaje na maji yalipimwaje, ukaandike majibu yake katika daftari.