Papai Bichi Lilipotoka Kinuni

Kabla blenda na friji hazijazoeleka majumbani, mishikaki ya mwambao ilianzia kinuni. Papai bichi lilipondwa na maganda yake, likafuatwa na tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na chumvi, kisha nyama ikachanganywa humo na kuachwa wakati makaa yakikolea. Mpishi alijua anachokitafuta, kwa sababu alianza kwa kuitazama nyama. Ng'ombe wetu wa nundu hutembea mwendo mrefu kufuata malisho na maji, na wengi huchinjwa wakiwa wamekomaa. Minofu yao ina ladha nzito lakini imekaza. Papai liliwekwa kujibu ugumu huo. Leo viungo vimebaki karibu vilevile, ila lile swali la kwanza, kwamba nyama hii ni ya namna gani, limeachwa. Hilo ndilo badiliko ninalolisikitikia, na naamini limetupunguzia utamu kuliko badiliko jingine lolote.

Sisemi hivyo kwa kudhani kwamba mapishi ya kale hayakuwahi kuguswa. Papai na pilipili asili yake ni Amerika. Tangawizi ilitoka Asia. Ukwaju, ambao wengine huutia kwenye mishikaki, ndio mwenyeji wa Afrika. Waomani nao huiita nyama ya vijiti mishkak, jina linaloonyesha jinsi pishi hili lilivyosafiri na watu wa pande mbili za bahari. Hata unga wa kulainisha nyama unaouzwa madukani una historia kwetu. Tanganyika ya enzi za ukoloni iliuza ng'ambo utomvu mkavu wa papai bichi, wenye kimeng'enya kiitwacho papaini, uliotumika kulainishia nyama na kung'arishia bia. Kilekile kilichopondwa kinuni kiliingia kiwandani, na sasa hutujia kwenye pakiti. Kwa hiyo pakiti si adui. Kasoro yake ni kwamba haimjui ng'ombe aliyechinjwa, na anayeitumia huona hana haja ya kumjua.

Friji nayo ilileta mazoea mapya: nyama kulala na viungo usiku kucha, na saa nyingi zikawa ndiyo sifa ya upishi. Hapa ushahidi uko wazi. Papaini hukatakata protini za nyama, lakini hupenya kidogo tu kutoka juu. Ikiachwa mno, nje hugeuka uji na ndani hubaki kama palivyokuwa. Ndimu nayo huishia karibu na uso wa nyama. Chumvi ndiyo ipenyayo zaidi. Tena papaini hufanya kazi kwa nguvu zaidi kwenye nyuzi joto 60 hadi 70 hivi, maana yake sehemu ya kazi yake hufanyika jikoni, nyama inapoanza kupata moto. Waliotia papai wakati makaa yakikolea hawakuwa na haraka, walikuwa sahihi.

Wapenzi wa nyama choma watasema kwamba nyama nzuri haihitaji chochote ila chumvi na moto. Kwa mbuzi wao wana haki. Paja zima lenye mfupa na mafuta huiva taratibu, na muda huo mrefu ndio unaolilainisha. Mshikaki hauna muda huo: ni vipande vidogo juu ya moto mkali kwa dakika chache, na nyama iliyokaza huondoka jikoni bado imekaza. Wengine watasema maisha ya mjini hayaruhusu kinu. Nakubali, na blenda husaga papai vizuri tu. Watakaotetea friji kwa ajili ya usalama nao nawaunga mkono, kwani ndimu na pilipili hazimalizi vijidudu, na nyama mbichi haipaswi kukaa saa nyingi kwenye joto la mwambao. Lakini friji inahifadhi nyama. Haiwezi kumchagulia mpishi muda.

Hoja hizi zote zinaturudisha kwenye jicho la mpishi. Sarara haina haja ya papai. Chumvi, kitunguu saumu na ndimu ya mwishoni vinaitosha. Nyama ya paja la ng'ombe aliyekomaa inalihitaji, kwa saa moja au mbili, si usiku kucha. Kuku wa kisasa, aliye laini tayari, ukimtia papai jingi unamharibu. Kwa hiyo, msomaji, kabla hujafungua pakiti au kumenya papai, muulize muuza nyama kipande hicho kimetoka wapi kwenye mwili wa mnyama, kisha kibonyeze kwa kidole. Jibu utakalolipata ndilo liamue utie nini na usubiri kwa muda gani.