Injini ya dada yetu: kutoka Gerezani hadi Muheza na tela dogo

Dada yetu anaishi Muheza, mkoani Tanga. Mumewe alipofariki dunia, yeye na watoto wanne waliachiwa nyumba ya vyumba vitatu na Canter moja ya kubebea machungwa. Gari hilo ndilo lililokuwa likipeleka mazao ya wakulima wa huko hadi masoko ya Dar es Salaam, na ujira wake ndio uliokuwa ada ya shule na unga wa nyumbani. Wiki tatu kabla ya msimu, rejeta ilivuja njiani. Dereva, kwa kutotaka kuchelewa, akaendelea na safari. Injini ikachemka hadi silinda hedi ikapasuka na bloku ikaingia ufa. Mafundi wa Muheza walipoifungua walitikisa vichwa tu.

Aliuza bangili zake mbili za dhahabu, akatutumia fedha kwa simu na ujumbe mfupi: tumtafutie injini ya mtumba, tuifikishe kabla machungwa hayajaanza kuanguka. Mabasi yalikataa kubeba kitu cha uzito ule. Lori tulilolipata lilitaka kwanza lijaze shehena, na hakuna aliyeweza kutuambia litajaa lini. Tulikuwa na gari la familia aina ya Prado, lenye chuma cha kuvutia tela nyuma yake, na jirani yetu alikuwa na tela dogo la magurudumu mawili analolikodisha kwa watu wanaohama nyumba. Tukaamua kwenda wenyewe.

Asiyepata kuifika Gerezani, pale ubavuni mwa Kariakoo, ni vigumu kumweleza. Ardhi ni nyeusi kwa mafuta ya miaka mingi. Injini zilizokwisha kuvuka bahari kutoka Japani zimepangwa mbele ya maduka, nyaya zake zimekatwa kwa kisu na bado zinaning'inia. Milango imesimamishwa ukutani kama vitabu katika rafu. Bampa na boneti zimetundikwa juu. Kila muuzaji anakuita mjomba au shangazi, na kila injini, kwa maneno yake, imetoka katika gari la mzee mmoja aliyekuwa akiliendesha polepole.

Tulikwenda na fundi wetu, na hili twamshauri kila mwenye nia ya safari kama yetu. Fundi hakusikiliza maneno mengi. Alifungua kifuniko cha mafuta, akaingiza kidole na kukitazama; mafuta yenye rangi ya maziwa yangemwambia kuwa maji yamewahi kuingia humo. Akaizungusha kwa mkono, akisikiliza. Akapitisha kucha kwenye maungio ya silinda hedi kuona kama imewahi kufunguliwa. Ya kwanza aliikataa, ya pili akaikataa, ya tatu akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hii tuandikiane." Bei, namba ya injini na muda wa kuirudisha ikiwa ni mbovu viliandikwa katika karatasi, na shahidi akatia sahihi.

Vijana wanne waliipandisha kwa winchi ya mnyororo. Fundi alikuwa amekwisha kumwaga mafuta yote, akaziba matundu kwa matambara, akaikalisha injini wima juu ya tairi kuukuu ili isiteleze wala karteri yake isipondeke. Akaiweka mbele kidogo ya ekseli ya tela, si katikati kabisa, wala si nyuma. Tulimuuliza sababu. Alisema tela lina adabu linapomwegemea anayelivuta. Sehemu moja katika kumi ya uzito wake, au zaidi kidogo, ikalie kichwa cha kuvutia. Likikaa mkia chini, litaanza kukuendesha wewe. Tuliitikia kwa vichwa, kama wanafunzi wanaoitikia somo wasilolielewa. Injini na giaboksi yake alizikadiria kilo 400. Tela lenyewe lilikuwa na kilo 180. Kitabu cha gari letu kinaruhusu tela lisilo na breki zake lenye uzito usiozidi kilo 750, kwani breki za gari peke yake ndizo zinazopaswa kusimamisha vyote viwili. Tulikuwa salama, na ziada ikibaki. Fundi akapanda daladala akarudi zake kazini.

Hapo simu ikalia. Alikuwa ami yetu, mtu mzima tunayemheshimu, ambaye hatujawahi kumwambia hapana katika maisha yetu.

"Shikamoo ami."

"Marahaba, wanangu. Nasikia mnakwenda Tanga na tela."

"Naam ami, tunaishia Muheza."

"Basi kuna matairi manne ya Canter na rimu zake, na difu moja, vya rafiki yangu. Viko mtaa wa pili hapo. Maadamu nafasi ipo, hamtapungukiwa na kitu."

Tulitazamana. Mmoja wetu alinong'ona kuwa uzito utazidi. Mwingine akajibu, naye kwa kunong'ona, kwamba hatuwezi kumwambia ami hivyo. Tukasema, "Hewala ami." Matairi yale yenye rimu yalikuwa na kilo zipatazo 50 kila moja, na difu zaidi ya 100. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la nne angeimaliza, nasi hatukuifanya. Na kwa kuwa yalikuja mwisho, yakapangwa mwisho: nyuma kabisa, penye mlango wa tela. Tulifunga kila kitu kwa kamba ya katani, tukaona fahari jinsi nyuma ya gari ilivyonyanyuka kidogo badala ya kudidimia. Tulisema gari halijahisi hata mzigo.

Tulitoka kesho yake baada ya sala ya Alfajiri. Tuliiacha barabara ya Morogoro kwa ajili ya malori yake, tukashika ya Bagamoyo. Huko watoto waliamka, wakaomba maandazi, wakapewa. Kutoka Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64 za lami nzuri inayovuka bonde la Ruvu, nchi tambarare yenye nyasi na mikoche, na asubuhi ile ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji. Tulikwenda kilomita 60 kwa saa, 50 vijijini. Kila tuliposimama tulishika habu za magurudumu ya tela kwa kiganja, maana beringi inayotaka kufa huanza kwa joto. Zilikuwa vuguvugu tu. Lakini tangu Makurunge tulikuwa tukisikia mgongano nyuma, ngo, ngo, kila penye tuta: kichwa cha tela kikiruka na kurudi katika mpira wake. Tulidhani ndiyo sauti ya matela yote.

Baada ya Msata barabara inashuka kuuendea mto Wami. Wasafiri wa siku nyingi wanalikumbuka daraja la zamani, jembamba, lililopitisha gari moja moja, na jinsi mioyo ilivyokuwa ikienda mbio katika mteremko ule. Sasa pana daraja jipya, pana na refu. Mteremko ungalipo. Gari lilianza kuongeza mwendo lenyewe, dereva akagusa breki, na tela likatikisa mkia kushoto. Likarudi kulia, zaidi. Likarudi kushoto tena, na safari hii gari zima likafuata. Katika kioo tuliliona tela lote likiwa ubavu, kana kwamba linataka kutupita, na upande wa pili basi lilikuwa likipanda.

Hapakuwa na kelele ndani ya gari. Watoto walinyamaza wenyewe. Lililotuokoa, baada ya rehema ya Mwenyezi Mungu, ni kwamba dereva alikuwa amewahi kuambiwa jambo moja na mtu wa malori: tela likicheza, usikanyage breki kwa nguvu wala usipigane na usukani, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawasawa, ngoja. Tulingoja. Basi likapita na upepo wake ukatusukuma. Tela likatikisika mara mbili zaidi, kila mara kidogo kuliko iliyotangulia, kisha likatulia nyuma yetu kana kwamba halikufanya kitu.

Tulisimama mahali papana pembezoni mwa barabara, tukaweka pembetatu za tahadhari, tukawatoa watoto wakakae mbali chini ya mti. Tulipokilegeza kichwa cha tela, mtoto wetu wa miaka tisa aliweza kukinyanyua kwa mkono mmoja. Mzigo wote ulikuwa umelalia mkia. Ile nyuma ya gari iliyonyanyuka tukaifurahia ndiyo ilikuwa onyo, na ngo, ngo ya Makurunge ilikuwa onyo la pili. Kamba ya katani nayo ilikuwa imelegea, na tairi moja lilikuwa limekwisha kusogea hadi likagusa mlango.

Tungeweza kuyahamishia matairi mbele na kuendelea. Mmoja wetu alilipendekeza hilo, akihofia simu ya ami. Lakini hapo ndipo tulipoifanya hesabu tuliyoikwepa Gerezani, tukiandika kwa kidole juu ya vumbi la boneti: kilo 900, nyuma ya watoto watatu. Tukavuta kila kitu mbele, tukaenda mwendo wa baiskeli hadi kijiji cha mbele yetu, tukamkuta fundi pancha mwenye banda na kufuli. Alikubali kuyaweka matairi na difu kwa ujira wa siku. Tuliandikiana naye pia.

Kisha ikabidi kumpigia ami. Twaandika haya kwa haya: kushuka mlima wa Wami na tela linalocheza kulitutisha, lakini simu ile ilitutoa jasho zaidi. Tulimweleza yote. Alinyamaza kimya kirefu.

"Watoto walikuwamo?" akauliza.

"Walikuwamo, ami."

Akanyamaza tena. "Kwa nini hamkuniambia palepale?"

Hatukuwa na jibu ambalo mtu mzima angelipokea. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri katika msikiti mdogo wa kando ya barabara, tukakaza kamba upya, tukaendelea. Tela lilifuata kimya hadi mwisho wa safari.

Baada ya Segera, kuelekea Hale, yalianza mashamba ya katani, mistari iliyonyooka hadi vilimani. Zao hili lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche 1000 aliyoagiza, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, na mkoa mzima ukaota kutokana na hiyo. Watoto walishangaa kuwa kamba iliyoishika injini ya shangazi yao ilikuwa imerudi kwao. Sisi tulizidi kuitazama katika kioo. Katani hulegea njiani, na hukaza inapolowa, kwa hiyo hutaka kufungwa tena na tena. Safari ijayo tutanunua mikanda ya kukazia mizigo.

Tulifika Muheza jua likizama. Vijana wa mtaani walisimamisha magogo matatu, wakafunga mnyororo, na injini ikashuka polepole mbele ya baraza, huku dada yetu akiwa amesimama na taa mkononi, ijapokuwa giza lilikuwa bado. Aliigusa kama mtu anavyogusa paji la uso la mgonjwa. Mikono yake ilikuwa mitupu pale penye bangili.

Iliwaka siku ya tatu, kwa moshi mwingi kwanza, kisha mdogo. Canter imekwisha kwenda Dar es Salaam mara mbili na machungwa. Ami alipanda basi mwenyewe hadi kwa fundi pancha, akakodi pikapu, akavifikisha vitu vya rafiki yake Tanga, na gharama akailipa yeye, hakutaka kutusikia. Juzi alipiga simu tena. Ana boneti na milango miwili ya kwenda Korogwe. Baada ya salamu, kabla ya neno jingine, aliuliza tela letu limebakiza kilo ngapi.