Mtarakwa: Mti Usiomtumikisha Mama

Bustani mbele ya nyumba ni jambo jema. Lakini tujiulize: ni nani anayeibebea maji? Katika nyumba nyingi ni yule yule aliyekwisha kubeba ya kupikia, ya kufulia na ya kuogesha watoto.

Sisi wauguzi tunaojitolea kanisani kuwatembelea wazazi huyaona hayo kila kiangazi. Huku kwetu milimani tulimkuta mama mwenye mtoto wa wiki mbili akipanda kilima na ndoo ya lita 20 kichwani. Yalikuwa maji ya maua. "Mama mkwe anakuja kesho, dada zangu," alituambia. "Akikuta maua yamekauka, atasema nyumba hii haina mtu." Tulimpokea ndoo. Maji yale yana uzito wa kilo 20, na mwili uliotoka kujifungua hauko tayari kwa mzigo huo.

Ndiyo maana tunawashauri wenzetu wa nyanda za juu wapande mtarakwa. Huu ni mti wetu wa asili, wa jamii ya mreteni. Huota milimani tangu Uarabuni na Ethiopia, kupitia Kenya na Tanzania, hadi Zimbabwe. Huvumilia baridi, ukame na udongo wenye mawe, na majani yake hubaki kijani mwaka mzima. Mbao zake hunukia vizuri, haziliwi upesi na mchwa, na zimetumika kutengenezea penseli.

Nunueni miche kitaluni, kwa maana mbegu huchelewa kuota. Ipandeni mvua zinapoanza, mahali penye jua na pasipotuama maji, kwani mizizi ikilowa muda mrefu huoza. Kwa ajili ya ua, acheni kama mita 1 kati ya mche na mche. Mti utakaoachwa ukue uwe mbali na nyumba, maana msituni hufikia mita 30.

Kiangazi cha kwanza mche unahitaji maji mara moja au mbili kwa wiki. Tandazeni nyasi kavu kuuzunguka, lakini zisiguse shina. Mizizi ikishashika, mti hujitegemea. Hukua polepole, kwa hiyo hata kupogoa si kazi ya kila mara. Mnapopogoa, kateni ncha za kijani tu. Tawi likikatwa hadi sehemu isiyo na majani, kwa kawaida halichipui tena. Mkiona matawi yanakauka, angalieni kama kuna vidukari. Wale waliokausha saiprasi nchini Kenya kuanzia mwaka 1990 huushambulia mtarakwa pia.

Tuna neno moja la kiuguzi. Majani na matunda ya mti huu yasichemshwe kumnywesha mama mjamzito wala mtoto mchanga. Baadhi ya miti ya jamii hii ina mafuta makali yanayoweza kudhuru mimba na figo. Mtarakwa ni wa uani, si wa sufuriani.

Kuchimba mashimo machache ni kazi ya nusu siku, nayo baba na vijana wanaiweza. Waombeni mapema, kabla mvua hazijaanza. Mti ukishasimama, nyumba itakuwa na kijani chake hata wakati wa jua kali, na mama hatadaiwa ndoo ya ziada.