Kiingilio buku kumi, mzee kabaki nje

Jumapili usiku, hosteli

Haya wadau, nimerudi. Niliahidi stori ya test ya Jumatano, ila itasubiri. Leo nina la moyoni.

Weekend hii nilikuwa home Kaloleni. Wanaoijua Arusha wanajua, kwetu na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid ni pua na mdomo. Mzee wangu ni fundi viatu, na sijaona mtu anayeupenda ule uwanja kama yeye. Mechi ya daraja la chini, mvua inanyesha, jukwaani watu wanahesabika, yeye yupo na mwamvuli wake. Julai 2022 tulikuwa wote pale fainali ya Kombe la Shirikisho, Yanga na Coastal Union. Ikaisha 3-3, Sopu wa Coastal kapiga zote tatu, halafu Yanga wakabeba kwa penalti. Mzee anasimulia mpaka leo.

Sasa jana timu kubwa ya Dar ilikuwa mjini. Mzunguko ambao siku za kawaida ni buku tatu ukapanda mpaka kumi. Nikamwambia, "Baba twende, bumu limeingia, nalipa mimi." Hakuinua hata kichwa. "Hela ya bumu ni ya kula, mama. Mimi nitasikiliza hapa hapa."

Tukakaa kibarazani. Goli la kwanza kelele zilitikisa mtaa. La pili zikawa kidogo tu. "Hilo la wenyeji," akasema. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Jamani, naelewa waandaaji nao wana gharama, na siku kama hiyo ndiyo ya kuvuna. Ila anayekaa na timu siku za ukame ndiye anafungiwa nje siku ya sherehe. Hiyo ndiyo inaniuma.

Mnakumbuka Liverpool, Februari 2016? Tiketi ghali ya msimu uliofuata ilipangwa pauni 77, mashabiki maelfu wakatoka Anfield dakika ya 77. Timu ilikuwa inaongoza 2-0 dhidi ya Sunderland, ikaishia 2-2. Siku chache baadaye wamiliki wakaomba radhi na kufuta ile bei. Wale walisikika kwa sababu viti vilibaki vitupu, dunia nzima ikaona. Mzee wangu akigoma, kiti chake kinakaliwa na mgeni na hakuna anayejua.

Mimi nasema hivi: mtu akionyesha tiketi zake kumi za mechi ndogo, mechi kubwa alipe bei ya kawaida. Ni ngumu kiasi gani? AFCON 2027 inakuja na Arusha tumo, uwanja mpya kabisa. Bila utaratibu kama huo, wazee wa mwamvuli wataisikiliza AFCON kibarazani.

Leo asubuhi wakati naaga nilimwachia buku kumi chini ya kopo la gundi. Nimefika tu hosteli, meseji: "Mama umesahau hela yako, nimeirudisha kwenye simu. Jumatano kuna mechi ya vijana, kiingilio buku. Nitaingia."

Nimesoma mara tatu. Ngoja nilale, lecture saa moja. Nyie mnasemaje?